Siku Moja Katika Kisiwa cha Malta

Kisiwa cha Malta kimo katikati ya Bahari ya Kati, kusini ya Sicily na kaskazini ya Libya. Visiwa vyote vya nchi hiyo vikikusanywa pamoja havifikii ukubwa wa Pemba, walakini mataifa makubwa hayakuacha kukigombea. Waarabu walikitwaa mwaka 870, Wanormani wakafuata mwaka 1091, askari watawa wa Mtakatifu Yohana wakapewa mwaka 1530, Napoleon akawaondosha mwaka 1798, na Waingereza wakakaa tangu 1800 hata uhuru ulipopatikana Septemba 1964, miezi tisa na siku chache baada ya uhuru wetu.

Meli yetu ya matembezi ilifunga gati Valletta asubuhi, nasi abiria tukapewa ruhusa ya kukaa nchi kavu mpaka jioni. Aingiaye bandari ile kwa mara ya kwanza huona kuta tu, kuta za mawe ya rangi ya asali zilizoinuka toka majini. Mji ulianza kujengwa mwaka 1566, mwaka mmoja baada ya Waturuki kukizingira kisiwa na kushindwa. Lifti huwapandisha watu mita 58 hadi bustani ya Barrakka, na hapo mzinga hupigwa saa sita mchana. Wenzangu wengi walitaka kuungojea. Mimi mizinga nimeiona ya kutosha Fort Jesus. Nikashika njia ya mitaani.

Kwenye pembe ya mtaa mmoja mzee alikuwa akiuza matunda garini, msalaba wa fedha ukining'inia shingoni mwake. Alikuwa akimhesabia mama mmoja machungwa. Namba za kwanza zilinipita kama kelele za njia. Mara nikasikia “sitta”, kisha “sebgħa”, na baada ya moja nisiyoishika, “disgħa”. Sita, saba, tisa! Nilisimama kama mtu aliyeitwa kwa jina lake. Mama yule alipokwisha kwenda nikamwomba mzee, kwa Kiingereza, anihesabie kwa makumi. Alipofika hamsini nikaanza kumfuata kwa Kiswahili: hamsini, sitini, sabini. Yeye akasema “mija”, mimi nikasema mia; yeye “elf”, mimi elfu. Alicheka hata akashika ukingo wa gari. Akanionyesha bahari akaiita “baħar”. Dunia kwake ni “dinja”, na kibao cha kumkaribisha mgeni huandikwa “Merħba”, nasi hapa twamwitikia marahaba anayetuamkia shikamoo. Mungu wao humwita Alla, na Kwaresima yao huitwa Randan, jina lililotoka katika Ramadhani, ingawa Wamalta wengi ni Wakatoliki wa karne nyingi. Aliponiaga aliniita “ħabib”, neno lisilohitaji kufasiriwa kwa mtu wa pwani.

Msomaji asidhani kwamba lugha hizi mbili ni ndugu wa tumbo moja. Kimalta mifupa yake ni Kiarabu, na nyama yake kwa sehemu kubwa ni ya Sicily na Italia. Kiswahili mifupa yake ni Kibantu. Tazama neno moja tu. Mmalta husema “ktieb”, na vikiwa vingi husema “kotba”, kwa desturi ya Waarabu ya kubadili neno kutoka ndani. Sisi tulipolipokea neno lile tuliona “ki” mwanzoni, tukaliingiza katika ngeli yetu, tukasema vitabu. Waambiwe hayo wale wanaosema kwamba Kiswahili ni Kiarabu kilichoharibika.

Kimalta nacho kilidharauliwa kwao wenyewe. Wenye elimu waliandika Kitaliano, na mahakamani kilitumika Kitaliano. Kimalta kikaachwa jikoni na mashuani mpaka mwaka 1934, kilipofanywa lugha rasmi pamoja na Kiingereza. Tangu mwaka 2004 kimo katika orodha ya lugha rasmi za Umoja wa Ulaya. Mtu aliyekipigania mapema ni Mikiel Anton Vassalli, aliyezaliwa mwaka 1764. Alitoa kamusi yake mwaka 1796, akafungwa kwa ajili ya siasa, akaishi uhamishoni miaka mingi, na mwaka 1825 akafanywa mwalimu wa kwanza wa Kimalta katika chuo kikuu. Alifariki mwaka 1829, akazikwa miongoni mwa Waprotestanti, katika makaburi yaliyo juu ya ngome ya Msida.

Nilikwenda huko kwa miguu alasiri. Lango lilikuwa wazi, na mtunza bustani akanipeleka kaburini. Aliniuliza kwetu husemwa lugha gani mahakamani. Nikamweleza kwamba katiba ya mwaka 2010 imekifanya Kiswahili kuwa lugha ya taifa, na rasmi pamoja na Kiingereza, lakini katika Mahakama Kuu mashauri huendeshwa kwa Kiingereza.

“Na mshitakiwa asiyekijua?” akauliza.

“Hupewa mkalimani, bwana.”

“Hata babu zetu walihitaji mkalimani,” akasema, akarudi kumwagilia maua.