Mlima Tuliouacha Njiani

Sisi tumezaliwa Basoko, pale mto Aruwimi unapoingia katika mto Kongo. Huko kwetu hakuna kilima. Msitu umesimama pande zote kama ukuta, na mtu akitaka kutazama mbali hana budi kuingia mtumbwini na kwenda katikati ya maji. Hata maporomoko saba ya Boyoma, ambayo watu wa Kisangani hujivunia, hushuka mita 60 hivi tu katika mwendo wa kilomita 100. Basi mwalimu alipotuchorea mlima ubaoni tulimsadiki, lakini kama mtu anavyosadiki habari za nchi asiyotazamia kuiona.

Mwezi wa Julai 2015 tulikuwa watu wanne wa Basoko mjini Goma, tumekwenda kwa arusi ya ndugu. Walimu wawili, kijana mmoja wa sekondari, na kaka yetu mkubwa, mvuvi, ambaye kasia lake hakuna wa kulishindana. Usiku wa arusi tuliona mawingu juu ya mlima Nyiragongo yakiwa mekundu kama makaa, kwa mwanga wa ziwa la moto lililokuwa likichemka ndani ya kasoko. Tukaambiana: haifai kurudi nyumbani bila kulitazama.

Mama mwenyeji wetu alitusihi tungoje siku mbili, tupate kwanza kuzoea hewa, kisha tuazime makoti. Tukacheka. Tulimwambia kwamba sisi ni watu wa kutembea msituni kutwa nzima. Hatukufikiri kwamba Kisangani iko mita 400 tu hivi juu ya bahari, Goma mita 1,500, na kilele cha Nyiragongo mita 3,470. Wala hatukufikiri kwamba nguvu za mikono ya mvuvi si nguvu za mapafu. Asubuhi ya kesho yake tulikuwa Kibati, mahali njia inapoanzia, tukiwa na viatu vya arusini na chupa moja moja ya maji. Kitu cha maana tulichonunua pale ni fimbo, nazo tulizinunua kwa sababu wageni wengine wote walikuwa nazo.

Mkuu wa walinzi wa hifadhi alitutazama miguuni, akatikisa kichwa, akatuamuru tuongeze maji. Alisema mlima mzima hauna kijito, kwa kuwa mvua yote huzama katika mawe ya volkano kama katika chujio. Twamshukuru mpaka leo. Kisha akatuagiza twende polepole, nyuma yake. Kaka alitii kwa muda wa saa moja. Tulipotoka msituni na kuingia katika mawe meusi, yale yanayoviringika chini ya unyayo na kukata kama wembe, alichoka na mwendo wa kobe, akatangulia na wapagazi huku akiimba wimbo wa makasia. Sisi tukamfuata kwa haraka, kwa kuogopa kuchekwa. Tukiulizwa tuliona nini katika saa zile, jibu ni moja: visigino vya mtu wa mbele.

Karibu na Shaheru, kasoko ya zamani iliyo ubavuni mwa mlima, tulimkuta ameketi. Wimbo umekwisha. Kichwa kilimwuma mno, akatapika mara mbili, na alipoulizwa jina la kijiji chetu alijibu mambo mengine kabisa. Ukungu ulikuwa umeshuka, baridi ikatupenya mashati. Kwa kweli tulitaka kumpa maji, apumzike kidogo, kisha tumvute mpaka juu. Tulikuwa tumekwisha kulipa, na ziwa la moto lilikuwa mwendo wa saa mbili tu! Mkuu wa walinzi hakubishana nasi. Alisema mtu anayetapika na kupotewa na maneno hapandishwi, hushushwa, na hushushwa sasa hivi. Kijana na mwalimu mmoja wakaendelea na wenzao. Sisi tuliosalia tukageuka na kaka, pamoja na mlinzi mmoja na mpagazi.

Tulikuwa tumenuna. Lakini mgonjwa haendi mbio, na kila hatua hamsini tulisimama. Hivyo, bila kutaka, tukaanza kutazama. Ukungu ulipofunguka tuliona ziwa Kivu lote, Goma na Gisenyi zikiwa kama mji mmoja, na upande wa mashariki milima ya Mikeno na Karisimbi. Tukaona pia mstari mweusi unaotoka ubavuni mwa mlima na kushuka mpaka katikati ya nyumba. Mlinzi akatueleza: ndiyo njia ya moto wa tarehe 17 Januari 2002, uliotoka katika nyufa, ukafunika sehemu ya uwanja wa ndege, ukabomoa kanisa kuu la Mtakatifu Yosefu, ukafika ziwani. Miaka 25 kabla yake, tarehe 10 Januari 1977, ziwa la moto lilimwagika lote kwa muda usiotimia saa moja. Asubuhi tulikuwa tumekanyaga mawe yale yale bila kuuliza yametoka wapi.

Kadiri tulivyoshuka, kaka alipata nafuu, akakumbuka jina la Basoko, tena akaanza kunung'unika, jambo lililotufurahisha sana. Karibu na chini akataka kulala katika kibonde chenye majani laini. Mpagazi alimshika mkono. Katika nchi ile, alisema, kuna mabonde yenye mazuku, yaani hewa nzito isiyoonekana itokayo ardhini, ambayo hutulia mahali palipo chini, hasa usiku na alfajiri pasipo na upepo, na kuua mbuzi na watu. Labda bonde lile halikuwa na kitu. Yeye alisema mgeni hana macho ya kubagua, basi aketi mahali palipoinuka.

Wenzetu walirudi kesho yake na habari za moto. Tuliwasikiliza kwa wivu kidogo. Tarehe 22 Mei 2021 mlima ulipasuka tena, ukaua watu, na ziwa lile waliloliona likatoweka. Tangu hapo vita imeifikia nchi ile, na Januari 2025 Goma ilitekwa na M23. Basi hatumshauri mtu yeyote kwenda huko sasa. Lakini wasomaji wetu wengi wana vilima karibu, na vijana hupanda siku ya mapumziko. Wabebe maji na nguo ya baridi hata jua likiwaka, wamwambie mtu wa nyumbani njia watakayoshika na saa ya kurudi, na aliye dhaifu kuliko wote ndiye atangulie, ili wengine wafuate mwendo wake. Sisi tulimtanguliza mwenye kiburi.

Kaka yu mzima. Fimbo ya Kibati ameichomeka ukingoni mwa Aruwimi, na ndiyo anayofungia mtumbwi wake. Watoto wakimwuliza habari za moto, huwaambia wakaulize wale wengine. Yeye atawaeleza jinsi ziwa Kivu linavyoonekana kutoka juu.