Benchi la saa sita mchana

Kuna vitabu ambavyo nikimwazima mtu nabaki na wasiwasi. Siogopi kwamba atachelewa kurudisha, naogopa maswali atakayorudi nayo. Vitabu vitatu vya Philip Pullman, His Dark Materials, vimo kwenye kundi hilo. Mwezi uliopita binti wa kaka yangu, ana miaka 14, alimaliza cha tatu, The Amber Spyglass (2000). Akaja nacho sebuleni macho mekundu, akakiweka mezani kama mtu anayerudisha kitu kibovu dukani.

"Shangazi, huyu mwandishi ana roho mbaya."

Nikacheka, maana nilisema hivyohivyo nilipokuwa chuoni.

Kwa ambao hawajakisoma, mtanisamehe, siwezi kuzungumzia mapenzi ya kitabu hiki bila kusimulia mwisho wake. Lyra anatoka Oxford ya ulimwengu mwingine, ambako roho ya kila mtu hutembea nje ya mwili wake katika umbo la mnyama. Will anatoka Winchester ya ulimwengu wetu huu, na mkononi mwake kinaangukia kisu kinachopasua hewa na kufungua dirisha la kuingilia ulimwengu mwingine. Wanakutana wakiwa watoto. Wanashukiana, Will anakaanga mayai, wanagombana, baadaye wanateremka mpaka nchi ya wafu na kurudi. Kugundua kwamba wanapendana kunakuja mwishoni kabisa.

Na hapo Pullman ananifurahisha sana. Hamleti mtu wa kuwaambia "mnapendana nyie." Yupo Mary Malone, mwanasayansi aliyewahi kuwa mtawa, ambaye jioni moja anawasimulia jinsi alivyoacha utawa: alipokuwa msichana, mvulana mmoja alimlisha kipande cha tamutamu ya lozi, na miaka mingi baadaye, ukubwani, ladha ile ikamrudia. Lyra anasikiliza tu. Kesho yake yuko na Will kivulini, wanakula, anachukua tunda dogo jekundu analipeleka mdomoni kwa mwenzake. Basi. Ni Adamu na Hawa, ila safari hii tunda si kosa.

Hata hivyo bustani wanaipoteza. Kila dirisha lililo wazi linavujisha Vumbi, kile kitu kinachowapa viumbe ufahamu, na likiisha, kila ulimwengu utakauka. Tena mtu hadumu katika ulimwengu usio wake: baba yake Will aliishi humo miaka kama kumi tu, akawa mgonjwa wa kufa. Dirisha moja pekee linaweza kubaki, nalo linahitajika ili wafu wapate kutoka gizani. Kwa hiyo wanaagana. Kinachobaki ni benchi moja katika bustani ya mimea ya Oxford, ambalo lipo katika ulimwengu wa Lyra na katika wa Will. Kila mwaka, siku ile ya Juni ambayo Waingereza wanaiita katikati ya kiangazi, saa sita mchana, kila mmoja ataketi hapo kwa saa moja, upande wake, akijua mwenzake naye ameketi.

Nilipousoma mwisho huo mara ya kwanza nilikuwa na mchumba aliyekwenda kusoma ng'ambo. Nikalia mpaka nikakosa kipindi. Benchi letu lilikuwa simu ya kila Jumapili, na lilituchukua miezi minane kulisahau. Tusipoteze muda hapo.

Nikataka kumfariji mtoto kwa kitu kilichonifariji mimi, yaani kisu. Kisu kile kinakata kila kitu, lakini kilivunjika mara ya kwanza Will alipomkumbuka mama yake katikati ya kukata. Mwishoni, anapotaka kukivunja kwa makusudi, anamfikiria Lyra. "Unaona, mwanangu? Kisu kinashindwa na kitu kimoja tu."

Hakuguswa hata kidogo.

"Sawa, Shangazi. Lakini Lyra alisema atamfuata Will hata kama atakufa mapema. Will akasema hawezi kumtazama akifa. Walizungumza. Baba aliwahi kumuuliza mama?"

Kaka yangu yuko Muscat, anaendesha lori, mwaka wa saba huu. Anakuja kila baada ya miaka miwili, mwezi mmoja, na masanduku matatu. Ijumaa jioni anapiga simu ya video. Simu inaegemezwa kwenye chupa ya chai, tunakaa mbele yake kwa zamu mpaka bando linaisha. Miaka yote hiyo sikuwahi kuliona lile kochi kama benchi. Kumbe mwenzangu alishaliona, ndiyo maana macho yalikuwa mekundu.

"Na yeye hakuna malaika aliyemkataza kurudi," akaongeza.

Nikaanza: ada ya shule, nyumba ile haijaezekwa upande mmoja, kazi huku zenyewe unazijua. Nikaisikia sauti yangu. Ilikuwa sauti ya Xaphania, yule malaika anayewaeleza watoto, kwa upole mwingi, kwa nini haiwezekani.

Usiku nikairudia sura ile. Bado naona sheria za Pullman zinaingizwa dakika za majeruhi. Hilo la dirisha moja, hasa, lina harufu ya mwandishi aliyekwisha kuamua watu wake waachane. Lakini kuna kurasa nilizokuwa nazipita haraka kila mara ili nifike penye machozi. Ndizo ambamo wawili wale wanajaribu kila njia: tukifanya hivi je, na vile je, mimi nikija kwako, wewe ukija kwangu. Hakuna anayemfichia mwenzake hesabu. Nilizoea kusema mapenzi ya kitabu hiki yako kwenye tunda, au kwenye benchi. Sasa nadhani yako kwenye mabishano yale ya kuchosha.

Ijumaa iliyofuata simu ililia kama kawaida. Zamu yake ilipofika akakaa, akamsalimia baba yake shikamoo, akajibu habari za shule. Kisha akasema, "Baba, nina swali. Ila nataka mama naye awepo."

Kule Muscat kaka yangu akatabasamu, halafu tabasamu likaondoka polepole. Nikainuka kwenda jikoni kumwita wifi.