Komeo Nililolifunga kwa Mkono Wangu

Ukungu wa alfajiri kule Ngong ulikuwa mzito. Farasi ulimsikia kabla hujamwona. Nilianza usaisi mwaka 1986, nikiwa na miaka kumi na tisa, katika banda moja la farasi si mbali na uwanja ambako mbio zimekuwa zikifanyika tangu 1954. Saa kumi na moja tulikuwa tumeshaamka. Tulizoa mavi, tukapiga farasi brashi, tukawatandika, kisha tukawapeleka msituni wanyooshe viungo kabla wenyewe hawajafika.

Mimi nilivaa gambuti. Mwenzangu mmoja alikuwa na raba za mitumba, mwingine akala, zile ndara za tairi. Buti za kupandia farasi, ndefu, nyeusi, zenye kisigino, sisi tulizijua kwa kuzipiga rangi tu. Zilikuwa za wateja.

Watoto wa wenye farasi walikuwa hata na vikuku vyao, yaani vile vya kuingizia mguu ubavuni mwa tandiko. Upande wa nje wa vikuku hivyo haukuwa chuma bali pete nene ya mpira. Mtoto akianguka, mguu ukanasa, mpira unachomoka na mguu unatoka. Tulivipangusa kila jioni, tukavitundika ukutani. Tuliviita vya kitoto, na hakuna hata mmoja wetu aliyeuliza kwa nini mguu wa saisi usilindwe vilevile.

Ilikuwa Julai 1988. Kaka aliyenifundisha kazi, aliyenizidi kama miaka kumi, alikuwa anamtoa farasi mmoja mwekundu, mwepesi wa kushtuka. Nilimtandikia mimi. Pale ukanda wa kikuku unapopita kwenye tandiko pana upau mfupi wa chuma, na mwishoni mwa upau huo pana komeo dogo linaloweza kuinuliwa. Nililikuta limelala. Nikadhani mtu amesahau kulifunga, nikalibana juu kwa kidole gumba ili ukanda usije ukachomoka. Nilijiona mwangalifu.

Hatukufika mbali. Kwale waliruka kutoka kichakani, farasi akaenda upande, na kaka akaanguka. Raba zake zilikuwa bapa, hazina kisigino cha kuzuia, kwa hiyo mguu wa kushoto ulikuwa umeshateleza ukapenya kikukuni hadi kwenye kifundo. Mwili ulikuwa chini, mguu juu. Farasi akishtuka hukimbia. Akihisi kitu kinaburuzwa karibu na miguu yake huzidi kukimbia. Alimburuta kaka juu ya mizizi na mawe mpaka kamba za raba zikakatika, kiatu kikabaki kimekwama chumani na mguu ukatoka peku. Raba hiyo kuukuu kukatika kamba ndiko kulikomwokoa. Alivunjika nyonga na bega. Hakupanda tena farasi.

Wazee wa banda walisema, ajali haina kinga. Nami nikaishika kauli hiyo kwa mikono miwili, maana ilinipunguzia mzigo ambao hata sikujua kuwa ni wangu.

Miaka saba baadaye nilimpelekea fundi mmoja mzee tandiko alishone. Aliona nimefunga makomeo yote mawili. Akayashusha bila kusema kitu, akashika ukanda, akauvuta kuelekea nyuma. Ukateleza kwenye upau ukaanguka sakafuni na kikuku chake. "Hivi ndivyo mtu anavyopona, kijana wangu," akaniambia. "Akiburutwa, ukanda unachomoka, farasi anakwenda zake. Komeo halifungwi mtu akiwa juu." Nilimwomba anionyeshe tena. Akanionyesha. Nikarudi nyumbani kwa miguu, tandiko begani, nikijua sasa kwamba kinga ilikuwepo siku ile, na mkono wangu ndio ulioifunga.

Leo nasimamia masaisi sita, na neno la kwanza ninalowaambia ni kwamba kikuku na kiatu ni pacha. Huchagui kimoja bila kukitazama kingine. Huko Ethiopia, wapanda farasi wa jadi waliopanda peku walikuwa na kikuku kidogo cha kuingiza kidole gumba cha mguu tu. Aliyevaa buti anahitaji kingine. Napima soli mahali palipo papana zaidi, kisha naongeza sentimita 2.5. Buti ya sentimita 9.5 inataka kikuku cha 12, yaani nafasi ya kidole chembamba kila upande. Kikibana, mguu hautoki. Kikiwa kipana mno, mguu wote unapenya, ndiyo maana mtoto hapandi kwa kikuku cha mtu mzima hata kwa dakika moja ya kupigwa picha.

Kwa Kiswahili, kikuku ni jina la pambo la mkononi na mguuni pia. Pambo linakusudiwa likae. Hiki cha farasi kinakusudiwa kiachie. Chuma kizito kinafaa, maana mguu ukitoka kinadondoka. Cha plastiki chepesi huning'inia kwenye kiatu. Vile vya pete ya mpira havistahili kudharauliwa, ila pete ikae upande wa nje, ikaguliwe kila wiki kwa kuwa jua huipasua, na mtu mzito atafute aina nyingine, kwani chuma cha upande mmoja kinaweza kupinda chini yake.

Kiatu nacho kiwe na kisigino cha sentimita mbili au tatu, soli isiyo na meno makubwa, kifunike kifundo, kisiwe na kamba ndefu za kunasa. Gambuti sitaki: pana, zina meno, na zikinasa hazitoki. Raba wala usinitajie. Nilipigania miaka mitatu hadi bandani kwetu kila saisi akapewa buti zake, na siku zilipofika nilijifungia chumba cha matandiko nikalia. Jozi kumi na mbili zilizopangwa mstari, na moja tu kati ya hizo, mwaka 1988, ingetosha.

Mwaka jana kaka alikuja kunitembelea, anachechemea na mkongojo wake. Nilimweleza habari ya komeo. Nilikuwa nimekaa nayo zaidi ya miaka ishirini na mitano. Alinisikiliza hadi mwisho, akasema, "Ungejuaje, mdogo wangu? Nani alikufundisha?"

Nilijua anataka kunipa nafuu, lakini sikuipokea. Yeye ndiye aliyenifundisha kazi, na hata yeye hakufundishwa. Tulikuwa watu kumi na wawili bandani, tukishika matandiko hayo kila siku ya Mungu, na hakuna aliyeona haja ya kutuambia kila chuma kina kazi gani.

Kesho yake alitaka kuona farasi wakitoka. Tulisimama naye penye ukungu. Kijana mpya aliniletea farasi. Nilitazama buti zake, nikaweka kidole kati ya soli na chuma, kushoto, kisha kulia. Nikainua ukingo wa tandiko. Kaka akanisogelea, akapenyeza mkono wake chini ya ngozi, akapapasa komeo mwenyewe, upande huu na upande ule. Yote mawili yalikuwa yamelala.

"Panda," akamwambia kijana.