Jifanye Unatuma Pesa

Ukipigiwa Mtwara na namba usiyoijua, huna haja ya kupokea na kuanza kuuliza nani mwenzangu. Iache iite mpaka ikatike. Ingia kwenye menyu ya pesa, chagua kutuma, andika namba ile, weka shilingi elfu moja, subiri. Kabla hujaweka namba ya siri, jina la mwenye laini linajitokeza kwenye kioo. Ukishalisoma unaghairi, hela yako haijaguswa, na aliyekupigia umeshamjua. Ni fundi wa Magomeni unayemdai madirisha. Ni mtoto wa shangazi aliyebadilisha laini. Au ni jina lisilokuambia kitu, na hilo nalo ni jibu.

Hakuna kampuni ya simu iliyoitangaza kazi hii ya menyu, wala semina haikufanyika. Watu wameivumbua wenyewe, kuanzia Shangani hadi Msimbati, na wanaifanya huku wanaongea na wewe. Nikiwa likizo nami naifanya bila kufikiri. Nikirudi Hamburg ndipo inaponishangaza.

Nilimsimulia Mjerumani mmoja tunayefanya naye kazi. Aliweka kikombe mezani. "Kwa hiyo mtu yeyote akiwa na namba yako anajua unaitwa nani?" Ndiyo. "Na hakuna aliyekwenda mahakamani?" Nilicheka. Yeye hakucheka.

Lakini Ulaya nayo imeanza juzi kulinganisha majina. Tangu tarehe 9 Oktoba 2025, benki za nchi zinazotumia yuro zinalazimika kuhakiki kama jina uliloandika ndilo la mwenye akaunti, kabla hela haijatoka. Zamani benki ilitazama tarakimu tu. Ungeweza kuandika Sungura Mjanja mahali pa jina na hela ikafika salama, iwe kwa mwenyewe au kwa tapeli. M-Pesa ilianza Tanzania mwaka 2008, na bibi kizee wa Naliendele amekuwa akisoma jina la anayemtumia, au akisomewa, muda mrefu kabla ya mabenki ya Frankfurt. Tofauti ni moja, tena kubwa: benki ya Ulaya inakutaka ulilete jina wewe kwanza. Ukikosea herufi moja au mbili inakusahihisha, lakini ukiandika jina la kubahatisha inakuambia halilingani, basi, inanyamaza. Kwetu unapewa jina bure hata kama humjui mtu.

Matapeli wanaijua vizuri nguvu ya jina hilo. Ule ujumbe ambao kila Mtanzania ameshaupata, wa "ile hela tuma kwenye namba hii", mara nyingi unakutajia kabisa jina litakalotokea, ili ukiliona uamini. Tunaambiwa tuupeleke kwenye 15040, na wengi tunaufuta tu.

Wajerumani wana sababu zao za kuogopa orodha, na siwezi kuzibeza. Katika karne moja wamepitia polisi wa Hitler na kisha, upande wa mashariki, Stasi waliokuwa na mafaili ya majirani juu ya majirani. Sheria ya kwanza duniani ya ulinzi wa taarifa binafsi ilitungwa kwao, katika jimbo la Hessen, mwaka 1970. Mwaka 1983 serikali ilitaka kufanya sensa, watu wakagoma, kesi ikafika mahakama ya katiba ya Karlsruhe, na mwezi Desemba majaji wakaamua kwamba mtu ana haki ya kujua nani anajua nini juu yake. Google walipoleta picha za mitaa mwaka 2010, kaya kama 244,000 zilidai nyumba zao zifichwe. Kwa miaka mingi ukitembea kwenye ramani ya Hamburg ulikuwa unakuta jengo lenye ukungu katikati ya mtaa, majirani zake wote wanaonekana hadi mapazia.

(Ukilitazama Boma la Mikindani, walilolijenga Wajerumani mwaka 1895, unaweza kujiuliza wajukuu wa waliotuhesabia nyumba kwa nyumba ili watutoze kodi walianza lini kuchukia kuhesabiwa. Lakini hiyo ni makala nyingine.)

Na bado Ujerumani hiyo hiyo, ukihamia nyumba mpya, una wiki mbili za kwenda kujiandikisha kwenye ofisi ya mji. Karani aliyeniandikisha aliuliza na dini, kwa sababu serikali inawakusanyia makanisa kodi yao. Anwani yako ikishaingia kwenye daftari hilo, mtu baki anayelijua jina lako anaweza kulipa ada akapewa unapoishi. Jina lako linabandikwa kwenye kengele ya mlangoni kila mpita njia asome. Laini ya simu ya malipo ya kabla nayo, tangu Julai 2017, huipati bila kitambulisho. Mimi niliyetoka nchi ambayo sensa haijauliza dini wala kabila tangu ile ya mwaka 1967, nilikaa mbele ya karani yule nikitafuta namna ya kusema kwamba hilo la dini kwetu serikali haituulizi.

Ila gesti wanauliza. Panga chumba Mtwara mjini, uletewe lile daftari refu lililopigiwa mistari kwa kalamu: jina, kabila, kazi, unakotoka, unakokwenda, namba ya simu, sahihi. Wakati unajaza mstari wako unasoma iliyotangulia. Nimewahi kujua kwamba dereva wa lori kutoka Masasi amelala chumba namba nne, ni Myao, na kesho anakwenda Lindi. Sikuhitaji kuyajua hayo. Mhudumu alikuwa akitazama tamthilia.

Namba ya NIDA, ile ya kitambulisho cha taifa, ndiyo usiseme. Ina tarakimu ishirini, na nane za mwanzo ni tarehe yako ya kuzaliwa. Ukiitaja kwa sauti dirishani, kama tunavyoitaja, foleni nzima imeshajua umri wako. Wale dada zetu waliopunguza miaka walipata tabu sana usajili wa laini kwa alama za vidole ulipopamba moto mwaka 2019, mwisho ukawekwa Desemba 31, ukasogezwa hadi Januari 20 mwaka 2020, na foleni za NIDA zikafika barabarani.

Kuna jambo ambalo foleni zile hazikulimaliza. Huku mpakani, Kilambo na vijiji vinavyofuata Ruvuma, ndugu wapo kingo zote mbili na Kimakonde ni kile kile. Simu zina laini mbili, ya Tanzania na ya Msumbiji, na ukisogea mtoni mtandao wa ng'ambo unakudaka wenyewe. Halotel yetu na Movitel yao zote ziko chini ya Viettel ya Vietnam, kwa hiyo kwa namna fulani Wavietinamu wameshauvuka mto bila kuhitaji daraja. Kwa mtu wa huko, kuthibitisha uraia ili apate namba ya NIDA kunaweza kuwa safari ya miaka. Na baada ya Oktoba 2020, wapiganaji kutoka upande wa Cabo Delgado walipovamia kijiji cha Kitaya, hakuna anayeona ajabu askari akitaka kujua laini hii ni ya nani. Watu wameyamaliza kindugu: aliye na namba anamsajilia asiye nayo. Ndiyo maana ukijifanya unatuma pesa unaweza kuletewa jina la shemeji wa mtu unayemtafuta.

Mama mdogo wangu alipobonyeza *106# kuona laini zilizosajiliwa kwa kitambulisho chake, alizikuta zaidi ya alizonazo mkononi. Nikamwambia, "Mama, laini usiyoitumia ifunge. Ikitumika kutapeli, polisi wanakuja kwa mwenye kidole." Akaniambia anaijua kila moja iko kwa nani, na mmoja wao ni mjane ambaye hana njia nyingine ya kupokea hela za mwanawe. Hamburg ningeita huo uzembe. Pale uani nilikosa la kumjibu, kwa sababu alikuwa amefanya kazi ya ofisi mbili za serikali kwa kidole chake kimoja.

Tusidanganyane kwamba watu wa kwetu hawajui siri ni nini. Mtu aliyepita jandoni au unyagoni anajua kuna maneno hayasemwi mbele ya asiyepita, na anayatunza hadi uzeeni bila kusaini popote. Tunachotofautiana na Wajerumani ni nani wa kufichwa. Mjerumani anaficha mbele ya kampuni na serikali. Kwetu tunaficha mbele ya mtu ambaye tukikutana naye macho yatainama. Wakala wa mtaani anamsomea mama ujumbe wa hela ninazotuma, na wazee wengine wanamtajia hadi namba ya siri, kwa sauti, kibandani. Kila nikilisema hili watu wanatikisa kichwa. Lakini wakala yule ni wa mtaani, ndugu zake tunawajua, swala ya Ijumaa tunaswali safu moja, na akichukua elfu kumi isiyo yake hana pa kwenda kukaa. Hiyo ni dhamana, na imefanya kazi kuliko inavyostahili.

Inafeli pale anayejua mambo yako akiwa hana mtaa.

Binamu yangu ana mikorosho upande wa Tandahimba. Kuanzia Mei au Juni mikorosho inataka kupuliziwa salfa, na kupulizia kunataka mafuta ya mashine na vibarua. Minada haianzi mpaka Oktoba. Katikati hapo mkulima ana mali juu ya mti na mfuko mtupu, na ndiyo miezi inayowaneemesha wale wa kangomba wanaonunua korosho kabla hazijaiva. Binamu hakutaka kangomba. Alipakua programu ya mikopo kwenye simu. Iliomba ruhusa ya kusoma majina yote aliyoyahifadhi, akabonyeza kukubali kama ambavyo sote tunabonyeza, na baada ya dakika chache hela ikaingia.

Alipochelewa kulipa, mimi nikiwa kwenye treni ya asubuhi Hamburg, nikapata ujumbe: nimeandikwa kuwa mdhamini, nimwambie ndugu yangu alipe leo au ataanikwa. Ulinianza hivi: "Habari Kaka Ujerumani." Ndivyo alivyonihifadhi. Kumbe na karani wa AMCOS, chama cha ushirika cha wakulima, aliupata, na ustadhi wa watoto, na fundi baiskeli. Na mkwe wake. Baba mkwe, ambaye kwa desturi yetu binamu hakai naye mkeka mmoja akanyoosha miguu, alisoma kwamba mume wa binti yake ni tapeli anayekimbia deni la elfu sitini.

Hebu fikiria sheria zote zilizonizunguka asubuhi ile. Nilikuwa nchi ya Karlsruhe, chini ya sheria ya Ulaya iliyoanza kutumika Mei 2018, ambayo hainiruhusu kusoma gazeti mtandaoni kabla sijaulizwa kama nakubali kufuatiliwa. Nyumbani nako ipo Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, inatumika tangu Mei 1, 2023, na ina Tume yake. Sheria zote mbili zinauliza kama mhusika ameridhia. Binamu aliridhia. Mimi, karani, ustadhi na mkwe hatukuulizwa na yeyote, na kwa kweli hata tungeulizwa tusingejua tunaulizwa nini. Namba yangu haikai Hamburg. Inakaa Tandahimba, kwenye simu yenye kioo kilichopasuka, na ulinzi wake ni mkulima anayehitaji mafuta ya mashine mwezi wa saba.

Novemba 2024 Benki Kuu ya Tanzania ilizipiga marufuku programu na majukwaa 69 ya mikopo ya mtandaoni yaliyofanya kazi bila leseni. Nilifurahi, ila ukweli ni kwamba kufunga mlango huo hakumpi mtu hela ya salfa, na programu ikifutwa leo kesho inarudi na jina jingine na rangi nyingine. Kama ningekuwa na sauti Dodoma ningeomba kitu kimoja tu: programu ya mkopo isiruhusiwe kabisa kugusa orodha ya majina, mkopaji aridhie asiridhie. Ridhaa ya mtu mwenye shida haiwezi kubeba watu mia tatu.

Binamu alilipa korosho zilipouzwa. Kwa mkwe alimtuma mjomba akazungumze, maana yeye mwenyewe asingeweza. Msimu uliofuata nikamuuliza kama ameacha mikopo ya simu. Akasema ameacha ile, ipo nyingine, lakini safari hii amejipanga. Namba ya mkwe ameitoa kwenye simu na kuiandika nyuma ya kitabu chake cha AMCOS. Ya ustadhi ameikariri. Ya karani ameifuta, kwa kuwa wanaonana kila siku.

"Na yangu?"

"Yako nimeiacha, kaka," akasema. "Wewe uko mbali, wakikuandikia hakuna atakayejua."