Watatu kwa Kikapu Kimoja

Mji wetu wa Tabora ulijengwa na watu wa miguu. Kabla reli haijafika mwaka 1912, bidhaa za pwani ziliingia hapa begani au kichwani mwa mtu. Mpagazi wa Kinyamwezi alibeba kiasi cha frasila mbili, yaani zaidi ya kilo 30, akatembea kutoka Bagamoyo mpaka Unyanyembe kwa muda wa miezi mitatu hivi. Waliokwenda Ujiji walikuwa bado hawajafika. Vijana wengi wa leo hudhani kwamba babu zetu wote walikuwa wakiswagwa njiani kama ng'ombe. Watumwa walipita katika njia ile, na jambo hilo halifichiki. Lakini wapagazi wengi wa Kinyamwezi walikuwa watu huru, wenye kazi yao. Walipatana ujira kabla ya kunyanyua mzigo, na posho ikipunguzwa waliweza kuitua mizigo na kukaa kitako mpaka neno lao lisikilizwe. Walijua kwamba nguvu ya mwili ni mali, na kwamba mwenye mali ndiye apangaye bei.

Nimeanza mbali kwa sababu nataka kueleza habari za mpira wa kikapu, na za dada yangu.

Mwaka 1982 nilikuwa na miaka 14, naye alikuwa na 17. Tulikaa Isevya. Si mbali na kwetu palikuwa na kiwanja cha udongo chenye nguzo mbili za miti. Moja ililiwa na mchwa ikaanguka, wala hakuna aliyeisimamisha. Ikabaki nguzo moja, ubao mmoja na ringi moja isiyo na wavu. Kwa kuwa watu kumi hawawezi kugombea kikapu kimoja bila kuumizana, tulicheza watatu kwa watatu. Tulichora mstari kwa kijiti. Ukiudaka mpira walioukosa wapinzani, hukuruhusiwa kufunga papo hapo. Ilikubidi kwanza uutoe nje ya mstari, kisha ndipo urudi kushambulia. Mpira wenyewe ulikuwa umeshonwa viraka na fundi viatu, na tuliujaza upepo kwa mafundi baiskeli. Siku hizo kila kitu kilikuwa adimu.

Timu yetu ilikuwa mimi, dada, na kijana mmoja wa jirani. Nisifiche: dada ndiye aliyekuwa timu. Mimi nilikuwa mrefu tu. Yeye alikuwa na jicho. Alidunda mpira chini kabisa, karibu na goti, hata mkono wa mtu usiufikie, na alipotupa kutoka mbali hakuangalia kama umeingia; aligeuka akarudi kulinda. Wavulana wakubwa waliokuwa wakija kutucheka waliondoka wakitazama chini.

Mwaka huo mwalimu mmoja aliyekuwa akituangalia alikuja nyumbani jioni. Kulikuwa na mashindano Mwanza, akataka kuwachukua vijana kadhaa kwa garimoshi, na pamoja nao msichana mmoja au wawili, ili yaonekane kwamba mchezo ule si wa wanaume peke yao. Baba alimsikiliza, akamwomba muda. Usiku akaniita barazani. Akaniuliza, "Wewe unacheza naye kila siku. Huu ni mchezo wa kumfaa dada yako?"

Msomaji, sikuwa mtoto mdogo. Nilijua jibu. Nilijua pia kwamba dada akienda Mwanza, hakuna atakayeuliza habari zangu. Nikasema, "Baba, wasichana wana netiboli." Basi. Maneno manne hayo ndiyo yaliyolimaliza shauri. Mimi nilikwenda Mwanza nikakaa benchi siku zote tatu. Dada hakwenda. Hakugusa tena mpira, na baada ya miaka miwili aliolewa.

Miaka ikapita, nami nikajifariji kwa hoja rahisi: hata angekwenda, angepata nini? Mpira wa kikapu haukuwa kazi. Nchini kwetu, ukimtaja Mtanzania aliyelipwa kwa mchezo huo ng'ambo, watu humkumbuka Hasheem Thabeet, aliyechaguliwa wa pili mwaka 2009 na timu ya Memphis Grizzlies. Naye ni mwanamume, na urefu wake wote tunaujua. Na ule wa watatu kwa watatu nilidhani ni mchezo wa wasio na nguzo ya pili.

Kumbe sivyo. Shirikisho la kimataifa liliuandikia sheria mchezo ule ule wa kikapu kimoja: watatu uwanjani na mmoja wa akiba, dakika kumi, au atakayewahi pointi 21. Mtupo wa karibu ni pointi moja, wa mbali ni mbili. Na ule mstari wetu wa kijiti umo: mpira wa mpinzani sharti uutoe kwanza nje ya duara. Mwaka 2021, katika Olimpiki ya Tokyo, ulichezwa kwa timu nane za wanaume na nane za wanawake, idadi sawa. Latvia ilichukua dhahabu ya wanaume, Marekani ya wanawake. Majirani zetu wa Kenya walipeleka timu za wanaume na wanawake katika Michezo ya Jumuiya ya Madola ya Birmingham mwaka 2022.

Na fedha zimeingia. Marekani, mwaka 2017, ilianza ligi ya wanaume iitwayo BIG3, iliyowapa kazi wachezaji wengi waliostaafu katika ligi kubwa. Lakini iliyonigusa ni Unrivaled, ligi ya wanawake iliyoanza karibu na Miami Januari 2025. Waliianzisha wachezaji wawili, Napheesa Collier na Breanna Stewart. Wao hutumia kiwanja chenye vikapu viwili, ila kimefupishwa, na wachezaji ni watatu kila upande. Sababu yao ni ile ile ya wapagazi. Kwa miaka mingi mishahara ya nyumbani ilikuwa midogo, hata wachezaji bora wakalazimika kwenda Urusi, Uturuki au China kila msimu wa baridi kutafuta riziki. Mmoja wao, Brittney Griner, alikamatwa Urusi mwaka 2022 akafungwa kwa miezi kadhaa. Wenzake wakaamua kujenga pa kucheza nyumbani, nao wakapewa hisa katika ligi hiyo. Waliutua mzigo, wakapanga bei.

Mwaka huo wa 2025 nilikwenda kumwona dada. Sasa ni bibi, anauza karanga na asali karibu na stesheni. Mjukuu wake wa kike, mwenye miaka 15, alikuwa akitazama mchezo huo kwenye simu. Dada aliichukua simu, akaisogeza mbali kidogo na macho, akatazama kwa muda mrefu.

"Wanalipwa hawa?"

"Wanalipwa, dada."

"Watatu watatu hivi hivi?"

"Hivi hivi."

Akanyamaza. Nikaona kwamba nikikaa kimya tena nitakufa na jambo lile kifuani. Nikamweleza habari za barazani, neno kwa neno. Hakushtuka. Alichambua karanga zake, akatoa mbovu, kisha akasema, "Mlango ulikuwa wazi usiku ule. Nilisikia."

Miaka 43 alikuwa akinipikia, akiniombea, akiwapokea wanangu, na alikuwa anajua. Nilitaka kumwomba msamaha, akanizuia kwa mkono. "Msamaha ulikwisha zamani. Ninayo kazi ya kukupa. Huyu mtoto anataka kucheza, na baba yake hataki. Wewe ni mjomba wake. Nenda kaseme naye."

Nilikwenda jioni ile. Mpwa wangu alinikaribisha vizuri, akanipa kiti. Tulipomaliza kuulizana hali, akanitazama usoni. "Mjomba, wewe ulicheza mchezo huo. Ni wa kumfaa msichana?"

Sikumwambia habari za fedha za Miami. Si kila atupaye mpira atalipwa, na kumdanganya mtu kwa mifano ya mbali si haki. Nilimwambia kwamba mchezaji bora niliyepata kucheza naye maishani alikuwa mama yake. Hakuwa anajua. Hakuna aliyewahi kumwambia kwamba mama yake alishika mpira. Alikaa kimya, kisha akamwita binti yake amletee viatu vyake avitazame kama vinafaa kukimbilia.

Sijui kama mtoto yule atafika mbali. Njia ya misafara haikumfikisha kila mtu pwani. Lakini aliyezuiwa mlangoni hakupewa hata nafasi ya kuchoka, na mara nyingi anayemzuia si adui. Ni ndugu yake, anayelijua jibu.