Klachi Nzito, au Goti la Padre?

Volkswagen ya Padre mzee wa parokia yetu ni ya mwaka 1968, ile Beetle ya mgongo wa mviringo ambayo wazazi wetu waliizoea barabarani. Haina rejeta, injini yake imekaa nyuma na hupozwa kwa upepo. Wapenzi wa mbio za magari watakumbuka kwamba mwaka 1962 Tommy Fjastad alishinda East African Safari kwa gari la namna hii. Za mwisho ziliundwa Puebla, Meksiko, mwaka 2003, zikiwa zimeshatengenezwa zaidi ya milioni 21.

Hii yetu ililala bandani miaka mingi. Ilipopelekwa gereji ilinyooshwa bodi, ikapakwa rangi, ikawekewa klachi mpya na waya mpya. Ilirudi inang'aa. Wiki mbili baadaye Padre akaanza kurudi kutoka vigangoni akichechemea, akisema klachi ni nzito. Waliomsikia walitazamana. Padre ana miaka 78, na goti lake la kushoto lina historia ndefu. Yakaanza maneno ya chini chini kwamba sasa aache kuendesha, atafutiwe dereva. Dereva wa kila Jumapili hapatikani, na kigango cha mlimani hakifikiki kwa miguu na goti lile. Ndiyo sababu sisi mafrateri watatu, tuliokuwa hapo kwa kazi za kichungaji, tulivaa kanzu za mafuta na kuingia chini ya gari. Mmoja wetu alikuwa fundi kabla ya kuwa frateri.

Kwanza tulikanyaga wenyewe, mmoja baada ya mwingine. Miguu ya vijana nayo ilisema ni nzito. Basi goti likaondolewa katika orodha ya watuhumiwa.

Gereji walituambia kwa simu kwamba presha mpya ina springi kali, injini ishushwe inunuliwe nyingine. Kushusha injini ya Beetle si kazi ya kutisha, imeshikwa na nati nne tu. Kinachotisha ni bei ya presha. Tukaona tupime kabla ya kufungua.

Klachi ya gari hili haitumii mafuta ya bomba. Pedali huvuta waya. Waya hupita ndani ya bomba la chuma katikati ya sakafu, hutokea nyuma na kuingia kwenye bomba fupi linalopinda, kisha hushika mkono ulioko kwenye giaboksi. Mkono huo ndio unaosukuma beringi dhidi ya presha. Ugumu unaweza kukaa popote katika njia hiyo, na mguu hauwezi kukuambia ni wapi.

Tukafungua tairi la nyuma kushoto, tukalegeza nati yenye masikio na kuutoa waya kwenye mkono. Tukausukuma mkono kwa nondo: ulikwenda taratibu, springi zikaurudisha bila kukwama. Presha haina kosa, injini ibaki ilipo. Kisha tukabonyeza pedali ikiwa haijafungwa na chochote huku nyuma. Bado ilikuwa ngumu! Ndugu msomaji, hapo nusu ya gari ilikuwa imeshaachiwa huru.

Tulipoutoa waya kwenye pedali, pedali ilicheza kwa kidole, ikilia kidogo kwenye bushi. Akabaki waya na mabomba yake. Waya ulitoka ukikwaruza, mkavu kabisa, umepakwa tope la kutu na vumbi jekundu. Walibadilisha waya bila kusafisha bomba wala kutia grisi. Tena lile bomba fupi lilikuwa limepinda kupita kiasi. Linatakiwa lilegee chini kati ya sentimita 2 na nusu na 4 na nusu. Likinyooka sana, gari hutetemeka linapoondoka, na likipinda sana waya husuguana. Letu lilikuwa karibu 7, kwa sababu ya washa zilizorundikwa mwishoni mwake. Rangi nzuri inaficha mengi.

Tulisafisha mabomba kwa mafuta ya taa, tukapaka waya grisi sentimita kwa sentimita, tukapunguza washa moja moja hadi tukapata 3. Mwisho tukakaza nati mpaka pedali ikabaki na nafasi tupu ya kama sentimita moja na nusu kabla ya kuanza kuvuta.

Padre alizunguka uwanja wa kanisa mara mbili, akabadili gia zote, akateremka.

“Wanangu, hii sasa ndiyo ninayoijua.”

“Na goti, Baba?”

“Goti ni langu. Hilo msilifungue.”

Tangu hapo kigango cha mlimani kimepata Misa Jumapili tatu mfululizo. Bushi ya pedali bado inalia, na tumeshaagiza nyingine.