Commando Utaipata Tena. Harusi ya Mamako Je?

Wasee wa Pioneer na kwingineko, leo tuongee kuhusu ile katoni iko juu ya kabati kwenu. Mnaijua. Iko na kaseti nyeusi za VHS, VCD zimekwaruzwa, DVD za hamsini bob ndani ya nailoni, na waya za rangi tatu ambazo hakuna mtu anajua ni za nini. Kila Desemba mtu husema itupwe. Maoni yangu ni haya: itupwe nusu. Shida ni kwamba watu wengi hutupa nusu yenye ilifaa kubaki.

Tuanze na hasira, kwa sababu hasira iko. Mzee wangu amenunua Commando, ile ya Schwarzenegger ya 1985, mara tatu. Kwanza kwa kaseti. Deki zilipoanza kupotea madukani, akanunua VCD. VCD moja inabeba kama dakika 80 hivi, kwa hivyo muvi ilikuwa inakatwa vipande viwili, na lazima mtoto mmoja ainuke aweke diski ya pili wakati vita vimenoga. DVD ikakuja, giga 4.7, muvi nzima kwa diski moja, akanunua tena. Sarafina! hivyo hivyo. Saa hii zote mbili ziko kwa flashi kubwa kama kidole. Muvi ni ile ile, hakuna hata risasi moja imeongezwa, lakini pesa imetoka kila mara.

Na hivyo vita hatukualikwa. Sony ilitoa Betamax mwaka wa 1975, JVC ikatoa VHS mwaka wa 1976. Wengi walisema Betamax iko na picha safi kidogo, lakini kaseti zake za kwanza zilirekodi saa moja tu na za VHS saa mbili. Muvi nyingi zinapita saa moja, na hiyo ilisaidia VHS kushinda. Baadaye, 2006 hadi 2008, Blu-ray na HD DVD zikapigana, Toshiba ikanyanyua mikono. Hapa mtaani hiyo vita ilipita kama mvua ya Uganda. Sisi tulitoka DVD tukaruka moja kwa moja hadi flashi, na wengi wetu Blu-ray tumeiona kwa picha tu.

Hata ukiwa na mashine sawa, bado kulikuwa na kufuli. Kenya tulitumia PAL, Marekani NTSC. Shangazi yangu akiwa kule alituma kaseti ya graduesheni yake, tukakaa wote sebuleni, picha ikaruka ruka bila rangi mpaka mzee akazima. DVD nazo ziligawiwa dunia kama mashamba: Marekani ni eneo la 1, sisi eneo la 5 pamoja na India na Urusi. Shangazi akatuma diski, mashine ikakataa. Mtu amekulipia nauli ya zawadi kutoka ng'ambo, na zawadi imefika ikiwa imefungwa.

Sasa, hiyo yote ni hasira ya pesa. Inauma, lakini inapona. Commando itakuwa mahali fulani hadi mwisho wa dunia, kwa sababu kuna mtu anapata faida akiiuza tena. Swali langu ni kuhusu vitu vyenye hakuna mtu atapata faida.

Harusi ya wazazi wangu ilikuwa Desemba 1996. Ilirekodiwa kwa kaseti moja ya E-180, masaa matatu. Studio iliyorekodi ilifunga zamani. Ndani ya hiyo kaseti kuna kogo, nyanya yangu mzaa mama, akitoa mawaidha. Alifariki nikiwa na miaka mitatu. Sura yake naijua kwa picha ya ukutani. Sauti, hapana.

Mwaka jana niliipeleka kwa fundi mjini. Aliifungua akanionyesha unga mweupe pembeni mwa utepe. Ukungu. Eldoret iko karibu mita 2,100 juu ya bahari, baridi na mvua tunazijua, na kaseti ilikuwa imekaa kwa kona ya ukuta unaolowa. Akaisafisha polepole, akaunganisha deki yake nzee na kompyuta. Hii kazi haina njia ya mkato: kaseti ya masaa matatu inachukua masaa matatu, kwa sababu lazima icheze yote.

Dakika arobaini za kwanza ni theluji tupu. Kanisa lote limeenda. Lakini karibu na saa ya pili, kogo anasimama na leso yake. Dakika nne. Anamwambia baba kwa Kikalenjin kwamba huyu msichana anapenda usingizi wa asubuhi, asiamshwe kwa kelele. Watu wanacheka. Mama alitazama, akasema, "Rudisha." Akarudisha mara sita. Mimi kilichonishtua ni kwamba sauti ya kogo ni ya shangazi yangu kabisa.

Fundi aliniambia deki yake ikikufa, yeye pia amemaliza. Funai ya Japani, kampuni ya mwisho kutengeneza deki za VHS, iliacha Julai 2016. Zinazobaki ni za kufufuliwa tu.

Na si familia peke yake. Fikiria VCD za wasanii wetu wa Kalenjin, zile zilikuwa zinachezwa kwa matatu na kwa maduka ya mjini. Fikiria muvi za Riverwood, zilizotengenezwa na kuuzwa River Road kwa bajeti ya chai na mandazi. Nyingi zilichomwa kwa diski za bei ya chini, na rangi iliyo ndani ya hizo diski hufifia kwa jua na joto. Kwa Nairobi Half Life ya 2012, Mwas anaanza akiuza DVD za Hollywood kijijini. Hata ndani ya muvi yetu, kijana wetu anabeba za wengine. Zetu nani anabeba?

Najua mtaniambia siku hizi kila kitu kiko mtandaoni. Kiko, mpaka kitoke. Netflix ilifungua mpango wa bure wa Android hapa Kenya Septemba 2021, na Novemba 2023 ukafungwa. Ni biashara yao, haki yao. Lakini unacholipia huko ni ruhusa ya kutazama, na ruhusa hurudishwa.

Kwa hivyo fanyeni hivi. Toa katoni, gawa mafungu mawili. Fungu la kwanza ni chochote kilichouzwa kwa maelfu: hiyo gawa, tupa, usilie. Fungu la pili ni harusi, matanga, ubatizo, na msanii wa mtaa ambaye ukimtafuta YouTube humpati. Hilo lipeleke kwa fundi mwezi huu. Omba faili za MP4, zitazamwe kwa simu yoyote. Weka kopi tatu: moja kwa kompyuta, moja kwa flashi, na moja kwa nyumba ya ndugu mwingine, kwa sababu moto na wezi hawachagui. Andika jina la faili vizuri, nani na mwaka gani, si "video mpya 2".

Na kama kuna mzee nyumbani anayejua majina ya watu walio kwa hizo kaseti, keti naye uandike. Mashine nzee bado unaweza kuipata kwa fundi. Huyo mzee hana wa kubadilishwa naye.